Salfa katika Nyumba ya Mwari

Semeni binti Uweso alikuwa mhudumu wa wadi ya wanawake, Pangani, miaka ile ya hamsini. Kazi yake ilikuwa kuogesha wagonjwa, na alijua jambo ambalo hawakulitaja mlangoni. Huyu kaja na homa, yule na uchungu wa kuzaa, mwingine kaanguka kisimani. Ukiwafunua shuka, wengi wana upele, au choa, au mba zimetapakaa mgongoni. Semeni hakumwaibisha mtu. Alizungumza habari za mvua na za wajukuu, huku vidole vyake vikipitisha dawa pale palipowasha.

Akaletwa Mboni kutoka Mwera, mwari aliyewekwa ndani akingoja harusi. Homa ilishuka upesi, lakini Semeni aliona vipele katikati ya vidole, na juu yake liwa, ile rojo ya mti wa kunukia, imeganda. Mama yake Mboni akakifunika kiganja kile kwa upindo wa leso.

“Dada, kwa bwana harusi wasijue. Watasema ana damu mbaya, posa ivunjike.”

“Nani anamsinga kwa hiyo liwa?”

“Somo wake anayemfunda, Bi Saleha. Na shangazi zake.”

Semeni akaelewa. Mikono iliyomsugua mwari ilisugua na wengine, na mikeka ilikuwa ya wote. Akipona Mboni peke yake, upele ungemrudia kabla ya harusi.

Mboni aliporudishwa nyumbani, Semeni akavuka mto hadi Mwera siku yake ya mapumziko, na kopo la salfa, dawa ya upele, alilomwomba daktari. Bi Saleha alimpokea kizingitini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kopo lako libaki nje. Mwari wangu anuke baruti? Nyie wa hospitali mmeshazoea kunuka.”

“Tumezoea, bibi. Lakini mimi nikiwapaka watanikimbia. Wewe umewafunda wote humu, nani atathubutu?”

Bi Saleha akamtazama, akacheka puani. “Una maneno wewe. Lete.”

Jioni ile akatoa amri: singo ya kumsugulia mwari sasa ni ya nyumba nzima, na singo yenyewe ni salfa. Shangazi wakapakwa. Wanaume wakapelekewa yao uani, wakapakana wakinung'unika. Leso zikachemshwa, mikeka ikaanikwa, kila siku wakarudia. Udi ulifukizwa mpaka ukaisha, harufu ikabaki pale pale.

Semeni alikuwa amerudi kuwatazama pale alipoingia Bi Mwatumu, shangazi wa bwana harusi, amebeba vitambaa vya mwari. Akasimama, akanusa.

“Wewe si wa hospitali? Humu kuna nini?”

Semeni akamtazama mama yake Mboni. Mama alikuwa ameinama. Akatikisa kichwa kukubali.

“Upele, bibi. Hospitali naogesha wengi, na wengi wanao. Hapa tunaupaka nyumba nzima, bibi harusi asije nao kwenu.”

Bi Mwatumu akaweka vitambaa chini. Akaketi mkekani, akafungua leso taratibu, akanyoosha mkono uliojaa makovu ya kucha.

“Basi nipake na mimi. Na mnibakizie ya nyumbani. Huyo bwana harusi wenu anajikuna mpaka kitanda kinalia.”

Mama yake Mboni akacheka mpaka machozi, akayafuta kwa mkono wenye salfa, ikabidi Semeni amwoshe macho kwanza. Bi Mwatumu akangoja zamu yake, mkono umenyooka. Harusi haikusogezwa hata siku moja.