Waya wa Hasi

Mimi ni kinyozi. Mambo ya magari siyajui. Lakini kila mara gari la mke wangu lilipogoma kuwaka asubuhi, aliitwa yule fundi umeme wa mtaa wa pili, na kifua chake kile, na uani kukawa na vicheko mpaka chai yangu inapoa. Roho iliniuma. "Shemeji, ni betri tu hii," ananiambia. Shemeji wa nani?

Jana jioni nikaifanya kazi mwenyewe. Nilifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Nikasugua ule ukungu mweupe wa kwenye vichwa vya betri kwa mswaki wa zamani na maji ya magadi, nikafuta, nikapaka grisi, nikarudisha nyaya, nikakaza nati mpaka mkono ukauma. Gari likawaka mara moja.

"Hongera," mke wangu akasema, akaingia ndani. Hongera kavu!

Leo asubuhi, gari kimya. Nikafungua boneti. Betri inang'aa kama nilivyoiacha, ila waya wa hasi umefunguliwa, umelazwa kando vizuri, na nati yake imewekwa pembeni isipotee.

"Limegoma?" mke wangu akauliza kutoka mlangoni, hereni tayari masikioni. "Basi nimpigie fundi?"