Ubeti wa Mama, Bila Honi

Albamu ina nyimbo kumi na nne. Nimezihesabu mara mbili, nikidhani nimeruka mmoja, ule wenye ubeti wa mama.

Kabla daraja halijafunguliwa, pale Kigongo palikuwa na foleni ya kivuko, na mimi nilikula humo. Nilipita na kompyuta kwenye begi, nikiwajazia madereva nyimbo kwenye memori kadi. Mama alikaanga sato hatua chache kutoka majini. Rapa wetu, rika langu, mtu wa Igoma, hakuwa na cha kuuza. Alisimama kwenye madirisha ya magari akachana. Kipimo tulikitunga wenyewe: dereva akipandisha kioo kabla ya mstari wa nne, ubeti unatupwa. Mtu aliyekaa juani kwa saa mbili hakupi sifa za bure. Kuna siku alitupa beti sita, kesho yake akaja na nyingine sita.

Ubeti wa mama haukupandishiwa kioo hata mara moja. Ulimsema anavyogeuza samaki kwenye mafuta, macho yakiwa kwenye kivuko, kwa vidole visivyoujua moto. Dereva mmoja wa lori la saruji alizima injini ili asikie vizuri. Niliurekodi kwa simu, lakini kivuko kikapiga honi, ikameza mstari wa mwisho. Rapa akaniomba nisimpe mtu yeyote isipokuwa mama.

"Huu nauweka kwenye albamu," akasema. "Mama atausikia safi, bila honi."

Mimi ambaye hata fungu la nyanya nabishania mara tatu, nilikubali palepale.

Akaenda Dar. Daraja likafunguliwa, foleni ikafa, mimi na mama tukahamia Igogo. Simu ile iliharibika zamani. Rekodi ikabaki kwenye kadi ya redio ndogo ya mama tu, katikati ya nyimbo za kwaya. Aliisikiliza akimenya vitunguu. Albamu ilipotangazwa, akawaambia wanakwaya wenzake kwamba atakuwemo, na Jumapili ilipotoka wawili wakaja naye nyumbani moja kwa moja kutoka kanisani, bado wamevaa sare.

Kadi ilikuwa imejaa. Nyimbo za kwaya haziguswi. Nikafuta ile ya honi, si safi imeshakuja? Samaki simtajii bei mpaka nimfunue shavu, lakini albamu niliipakia bila kuonja hata wimbo mmoja.

Tukasikiliza yote. Bahari imetajwa mara tisa, ziwa, hakuna. Nyimbo alizochana peke yake ni mbili. Kwingine kote wanaimba waalikwa, naye anaingia mwishoni kama mtu aliyechelewa kikao alichokiitisha mwenyewe. Wimbo wa tisa, vile vidole visivyoujua moto vikatokea. Vina kucha nyekundu, ni vya mrembo fulani wa ufukweni, vimeshika glasi ya barafu. Kwa hiyo moto haviujui kweli. Mwanakwaya mmoja akakohoa, akaangalia viatu vyake.

Mama alisubiri mpaka wa kumi na nne ukaisha.

"Yule wa glasi ndiye mimi?"

"Hapana, Mama. Wako haumo."

Akakunja kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunja tena.

"Huyu mtoto alikuwa akinisalimia shikamoo kabla hata hajashuka kwenye baiskeli," akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha akawageukia wageni wake akawaambia wasijali, hawataondoka hivihivi. "Baba, hebu tuwekee ile yetu. Ile ya honi."

Nikachukua redio. Nikabonyeza kwenda mbele, wimbo mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Halafu nikarudi wa kwanza nikaanza upya, polepole zaidi, huku mama akiwaeleza wenzake kwamba honi ikilia wasishtuke, maneno yanayofuata yeye anayajua, atawasomea.