Sauti ya Mama Mkwe

Siku mwanamke niliyekuwa namtilia sauti aliposhuka ngazi akiwa na uso mwingine, nilinyamaza mbele ya maikrofoni. Nguo zilikuwa zake, nyumba ilikuwa ile ile, na mumewe alimkumbatia kama kawaida, lakini mwenyewe hakuwa yeye. Huyu alikuwa mrefu zaidi, mashavu yamebonyea kidogo, na alizungumza taratibu kama mtu anayetafuna ubani. Fundi mitambo alirudisha picha nyuma, akidhani tumeletewa kipande cha tamthilia nyingine. Haikuwa hivyo. Huko tamthilia inakotengenezwa walikuwa wamembadilisha mwigizaji, na sisi hakuna aliyetuarifu.

Studio yetu ilikuwa ndogo, huko Al Jaddaf, Dubai, juu ya duka la vifaa vya umeme. Tulizitia Kiswahili tamthilia za mchana, zile ndefu zisizokwisha, ambazo runinga za kwetu Afrika Mashariki huzionyesha wakati watu wamekwisha kula na jua limewazuia kutoka. Kabla ya hapo nilikuwa mapokezi katika hoteli moja Al Muraqqabat. Mtanzania mmoja aliyekuja kupokea wageni wake alinisikia nikibishana kwa simu na kampuni ya teksi, akasubiri nimalize, akaniuliza kama nimewahi kuigiza. Nilimwambia sijawahi. Alisema haidhuru. Yeye ndiye aliyekuwa prodyuza wa ile studio, na miezi michache baadaye viza yangu ilihamia kwake, ingawa niliendelea kulala Al Muraqqabat, katika fleti tuliyokuwa tukiishi wanawake kadhaa wa Kenya na Uganda.

Nilipewa nafasi ya mke wa mwana mkubwa wa tajiri. Mwanamke huyo alitekwa nyara, akapoteza kumbukumbu, akaolewa na shemeji yake bila kumjua, akarudi nyumbani, na katika yote hayo mimi ndiye niliyemlilia. Mama yangu, kule Mombasa, hakukosa hata siku moja. Majirani walikuja kukaa naye sebuleni, naye akiwaambia, "Huyo anayelia ni mwanangu." Nilikuwa sijakwenda nyumbani kwa muda mrefu. Nikimpigia jioni hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza kwa nini nimemsamehe yule mume.

Mama mkwe katika tamthilia alikuwa na sauti ya bibi mmoja wa Kizanzibari ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Aliletwa Dubai angali mwari, akazalia hapa, akapata wajukuu hapa, na Kiunguja chake hakikupata doa. Tukiletewa tafsiri mbovu, yeye ndiye aliyeinyoosha, na prodyuza wetu alimwachia. Wakati mwingine tulisimamisha kazi nzima kwa ajili ya neno moja, mimi nikitetea la Mombasa na yeye akitetea la Unguja, prodyuza akicheka pembeni na chai yake.

Wiki ile uso ulipobadilika, prodyuza huyo naye aliondoka. Aliingia asubuhi, akachukua kikombe chake na msala wake, akatupa mkono mmoja mmoja. Wenye kampuni walitaka kazi itoke upesi zaidi, naye alikuwa amewaambia haiwezekani. Mlangoni aligeuka akasema tusiogope, kazi ni ile ile. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Aliyekuja baada yake alikuwa mwanamke wa Nairobi, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kutembea. Tulimwita madam, na hakukataa. Hakuwa mkali. Alituketisha, akatueleza kwamba watazamaji wamepokea uso mpya na pengine wanastahili kusikia sauti mpya, kwa hiyo juma lijalo atawasikiliza watu kwa nafasi ile. Aliniangalia, akasema kwamba hata mimi nakaribishwa kujaribu. Nilikaribishwa kwenye nafasi yangu mwenyewe. Nilijibu "inshallah".

Siku zile nilijiharibu kwa hofu. Viza ikifutwa, mtu hupewa muda mfupi tu wa kupata mwajiri mwingine au kufunga mizigo, na hoteli ilikwisha kumpata msichana mwingine wa mapokezi. Lakini nikisema kweli, si viza iliyonikaba zaidi. Nilimwona mama sebuleni na majirani zake, mwanamke yule akifungua kinywa, na sauti inayotoka ni ya mtu mwingine. Nilikunywa tangawizi asubuhi na jioni kulainisha sauti. Nikiwa ndani ya metro nilisema chini chini mistari ya majaribio, na mwanamke wa Kifilipino aliyeketi karibu nami akahama kiti. Simu ya nyumbani niliifupisha. Mama akaniuliza kama nina mafua, nikasema ndiyo.

Siku ya majaribio nilikaa kwenye korido nikasikiliza. Kabla yangu aliingia binti aliyekuwa akifanya kazi katika ghala kule Jebel Ali. Alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye utulivu, na ilishuka pale pale uso mpya uliposhusha macho. Nilitamani akosee, lakini hakukosea. Nilipoingia mimi, mambo yalikuwa mengine kabisa. Uso wa kwanza ulizungumza haraka, na mimi nilikuwa nimejifunza kupumua pale alipopumua. Huyu mpya alikawia. Mimi nilimaliza sentensi, midomo yake ingali inacheza. Madam aliniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu nilijisikia najiigiza mwenyewe, na vibaya.

Bi Mkubwa alinikuta nje nikiwa nimeinamia simu isiyowaka. Hakuniuliza kitu. Alitoa mkate wa mofa kwenye mkoba wake, akanimegea, tukala tumesimama.

Majibu yalichukua muda, na kusubiri kulinichosha kuliko kazi. Madam alipoita mtu yeyote, niligeuka mimi. Mwishowe aliniita mimi, akafunga mlango, akaniambia bila kuzunguka kwamba nafasi imekwenda kwa yule binti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikaitikia kwa kichwa. Lililofuata sikuwa nimejiandaa nalo. Alisema sauti yangu ikishushwa kidogo inamfaa mama mkwe, na kwamba angependa nianze mwezi ujao.

Nilimuuliza, na Bi Mkubwa je?

Alisugua paji la uso. Bi Mkubwa, alisema, hasomi haraka tena, anapitwa na picha, fundi anatumia nusu ya siku kumrekebisha, na wenye kampuni wanauliza kila wiki vipande vimefika vingapi. Yeye mwenyewe ni prodyuza wa pili kwao ndani ya muda mfupi, na hakutaka aje wa tatu. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba naye anatafuna kucha. Yeye mwenyewe atamwambia Bi Mkubwa mwisho wa mwezi, khalas, yaishe, na kwa sasa akaniomba nisiseme.

"Siwezi kukuahidi hilo, madam," nilimwambia.

Hakukasirika. Alisema nimpe jibu baada ya wikendi.

Nilitembea mpaka stesheni nikiwa nimepata kazi na nimekosa raha. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimemchukia mtu nisiyemjua kwa kuichukua nafasi yangu, na sasa mimi ndiye niliyewekwa mlangoni kwa mtu mwingine. Tena mtu huyo amenimegea mkate. Usiku niliugeuza mto mara nyingi. Nikikataa, viza inakwenda, na Bi Mkubwa ataondolewa vile vile, nafasi atapewa mwingine. Nikikubali na kunyamaza, nitakaa naye chumba kimoja mwezi mzima nikimtazama anavyopumua ili nimwibie.

Ijumaa baada ya alasiri nilikwenda kwake. Aliishi na mwanawe na mkwewe, katika nyumba ya chini yenye ua, na wajukuu walikuwa wakipigiana kelele kwa Kiarabu. Alifurahi kuniona, akaagiza chai ya maziwa. Nilimwambia kabla haijaja, maana ingekuja ningeshindwa. Nilimwambia yote kama nilivyoambiwa, pamoja na lile la kusoma.

Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. Nilingoja aseme kwamba hakuna neno, kwamba yeye ni mtu mzima na amechoka, kama wazee wanavyosema kuwapoza vijana. Hakusema.

"Ungeninyamazia ningekuchukia," alisema hatimaye. "Umeniambia, na bado nimeudhika. Usitake nikutulize leo, mwanangu. Sina nguvu hiyo."

Nikasema sawa. Chai ilikuja, tukainywa. Akanisindikiza mpaka kwenye lango, akanishika mkono, lakini hakuniambia nikubali wala nikatae.

Tuliporudi kazini, Bi Mkubwa alifika mapema kuliko wote, amevaa baibui jipya. Aligonga mlango wa madam akaingia, na mlango akauacha wazi makusudi. Fundi na mimi tulisikia kila neno. Alimwambia madam kwamba habari yake ameipata, na amekuja aambiwe na mwenyewe, uso kwa uso. Kisha madam akamwambia. Alimwambia kwa adabu, wala hakuuficha ukweli wa macho na picha.

"Haya," Bi Mkubwa akasema. "Nina ombi moja. Wenye tamthilia nyingine wakibadilisha mwigizaji hutangaza mwanzo wa kipindi, kuanzia leo fulani ataigizwa na fulani. Sisi sauti hatutangazwi, tunatoweka tu. Mimi nitangazwe."

Madam alieleza kwamba majina hayaruhusiwi, mkataba na wenye tamthilia haukubali. Bi Mkubwa akasema jina lake hana haja nalo, wanaomjua wanamjua. Yalipita mabishano mafupi juu ya urefu wa tangazo, maana hata sekunde zilikuwa na mwenyewe. Mwishowe madam alitoka, akamuuliza fundi kama panapatikana nafasi juu ya muziki wa mwanzo. Fundi, ambaye hakuwa msemaji, alijibu kwamba itapatikana.

Kufikia siku ya kulirekodi nilikuwa nimemjibu madam ndiyo, nikadhani nitaambiwa mimi nilisome tangazo. Bi Mkubwa alivaa vipokea sauti mwenyewe. Hakuwa na karatasi, wala hakuangalia picha. Alisema: "Kuanzia leo, mama mkwe mtamsikia kwa sauti nyingine. Ya kwanza inakuageni." Ikatosha mara moja. Fundi hakuomba irudiwe. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo. Sauti ile haikuwa na upungufu wowote, na baada yake ningeingia mimi.

Alipotoka alinipita, kisha akarudi hatua chache. "Usimfanye mzee," aliniambia. "Kila mtu anayeigiza mzee hukohoa. Yule mwanamke hakohoi. Anaamrisha."

Huo ndio mwongozo wote alionipa. Nikaufuata. Wiki za mwanzo niliingia chumba kile nikisikiliza kama kuna mtu koridoni anayesubiri nimalize. Yule binti wa Jebel Ali alikuwa mkwe wangu sasa, na kwenye sehemu za ugomvi tulisimama bega kwa bega. Nilimgombeza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, naye siku moja aliniuliza kwa upole kama nimemkasirikia. Nikamwambia hapana, na kufikia wakati huo ilikuwa karibu kweli.

Vipande vile vilipofika hewani kwetu, mama alinipigia yeye, jambo asilolifanya kwa sababu ya gharama. Nilikuwa sijamweleza chochote. Alianza na yule mke: wamemwekea uso mwingine na sasa sauti nyingine, na yeye amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe amefukuzwa. Akataka nimwambie kweli. Kabla sijafungua kinywa akaendelea.

"Na mama mkwe pia wamembadilisha. Huyu mpya simpendi. Ana roho mbaya."

"Ni mimi, mama."

Nilisikia runinga nyuma yake, na mtu akiuliza kuna nini. Mama hakumjibu huyo mtu.

"Wewe ndiye bibi kizee?" akaniuliza.

Nikamwambia ndimi. Alivuta pumzi, akasema basi itabidi amzoee, lakini nimwambie yule kijana asimwache mkewe. Nikamkumbusha kwamba si mimi ninayeandika. Alisema anajua, ila nimwambie.

Bi Mkubwa nilimtembelea Idi iliyofuata na nyingine baada yake. Alinipokea vizuri, tukaongea habari za watu. Tamthilia hakuitazama tena, na hakuficha kwamba haitazami. Madam alikaa na sisi kidogo zaidi ya mwaka, kisha akaletwa prodyuza wa tatu, mwanamume, ambaye siku ya kwanza alituketisha akatuambia kazi ni ile ile. Nilimwangalia yule binti, naye akaniangalia, tukaenda kuchemsha maji ya tangawizi.