Nibaki au Niende

Dada yangu alipofiwa na mumewe, wote waliokuja kutupa pole walikuja na swali moja, ila hapana aliyelitamka. Eda ikiisha, atabaki Magogoni katika nyumba ya marehemu, au atarudi kwetu Vanga kukaa na mama mdogo? Hakujaaliwa mtoto. Nyumba ni ya ukoo wa mume. Na Vanga, mbali kama kulivyo, kuna chumba chake tangu alipokuwa kigori.

Mimi nilitaka abaki. Nakaa Bombolulu, nikikata vichochoro nafika kwake kabla sijaanza kutoka jasho, na yeye ndiye mtu pekee ninayeweza kukaa naye bila kusema kitu. Lakini sikumwambia. Nilijiambia kwamba mtu aliye edani hatwishwi matakwa ya wengine. Huenda ilikuwa adabu. Huenda ilikuwa woga, nikauvisha adabu. Nimejaribu kuipima mara nyingi, sijapata jibu la kusimama nalo.

Katika nyumba ile, upande wa pili wa ua, anaishi wifi yake, dada wa marehemu. Ni mwanamke wa maneno. Ukichelewa atakuuliza kama umepanda kobe. Ukiwahi atakuuliza kwako hakuna kazi. Nami tangu siku za matanga nilishajiwekea kichwani kwamba huyu anangoja eda iishe amtoe dada.

Alasiri moja niliwakuta wamekaa mkekani, kati yao kitu cheusi kinachofunguka kama kitabu. Kilikuwa kimashine cha michezo, chenye vioo viwili, cha binti ya yule wifi, binti aliyeolewa Malindi. Kilikuwa kimesahaulika kabatini.

"Nimempa wifi yangu kitu cha kushika," akanambia. "Kutwa yuwahesabu misumari ya bati. Juzi nimemwuliza imefika mingapi, akanijibu!"

"Si kamari hiyo?" niliuliza, maana niliona sarafu zikirukaruka kiooni.

"Kamari ni pesa. Hizi utanunua nazo nini, wifi mdogo? Mbaazi?"

Dada akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba. Nami, badala ya kumshukuru yule mama, nikawaza: anampa mchezo ili asipate nafasi ya kuzungumzia nyumba.

Mchezo uliotunasa ulikuwa wa vigae. Vimelala kifudifudi, mistari mitano kwenda chini na mitano kwenda kando. Chini ya kila kigae kuna moja, mbili, tatu, au bomu. Ukifunua namba, sarafu zako zazidishwa kwa namba hiyo. Ukifunua bomu, sarafu za ubao huo zimekwenda, na daraja wateremshwa. Ukimaliza kuzifunua mbili zote na tatu zote, ubao ni wako na wapanda daraja. Pembeni mwa kila mstari mwaandikwa mambo mawili tu: jumla ya namba zilizomo, na mabomu ni mangapi.

Dada alicheza kwa mkono. Anapiga bismillahi, anafumba macho kidogo, anafunua. Akilipuka anacheka, anaanza upya. Mimi niliishia darasa la nane, tena hesabu ndiyo iliyoniangusha, lakini zile namba za pembeni hazikuniacha. Kazi yangu ni kushona mikoba, na mkono ukishona kichwa huwa bure. Nikawa nashona, nafikiri vigae. Siku moja likanijia: mstari una vigae vitano, basi jumla ukiiongeza na mabomu, ikipata tano kamili, humo hamna ila moja na mabomu. Achana nao, hapana faida. Nilijidunga sindano kwa furaha. Baadaye niliwaza kwamba mtoto yeyote aliyewahi kuucheza mchezo ule lazima alikuwa akilijua hilo, nikaona haya peke yangu.

Palipokuwa hapana njia rahisi, nilitumia mbegu za ukwaju. Mbegu ndiyo bomu. Nazipanga mkekani: likiwa hapa, pale haliwezi kuwa, likiwa pale, huku lazima iwe tatu. Nazihesabu njia zote zinazokubaliana na namba za pembeni, kisha natazama ni kigae gani kilichopata mbegu mara chache. Hicho ndicho cha kufunua.

Majina ya vigae tuliyachukua chuoni, madrasa tulikosomea udogoni. Mwalimu alikuwa akitufundisha udhu: ukiwa na yakini kwamba umetawadha, kisha ukaingiwa na shaka, shika yakini yako. Na kati ya shaka na yakini kuna dhana, iliyoegemea upande mmoja ila haijafika. Kwa hiyo kigae kisichoweza kuwa bomu tulikiita yakini. Cha nusu kwa nusu, shaka. Kilichoegemea usalama, dhana.

"Hapa nimepata dhana nzuri," nasema.

"Dhana ni dhana, mdogo wangu," dada anajibu. "Haijawa yakini kwa kuwa umeipenda."

Wifi hakukaa nasi, lakini hakuwa mbali. Atapita na sinia la mchele, asimame mlangoni.

"Mbona mmeinama kama wapiga ramli? Fungueni hicho cha pembeni. Moyo wanambia."

"Moyo wako unajua hesabu?" namwuliza.

"Moyo wangu umelea watoto sita bila hesabu, na wote wana meno."

Akikosea, utamsikia anakimbilia jikoni kwamba wali unaungua, hata kama jiko halijawashwa. Akipatia, atacheza chakacha palepale na sinia mkononi, kisha akumbuke nyumba ina eda, ajizibe mdomo. Na kwa haki niseme: alipatia mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Hivyo ndivyo alasiri zilivyokwenda. Tulipanda daraja, tukashuka, tukapanda tena, na sasa tulikuwa tukipanda zaidi kuliko kushuka. Nilikuwa na fahari. Sikuona, au niliona nisitie maanani, kwamba dada alikuwa ameacha kufumba macho. Hafunui tena mpaka nimwambie. Mchezo huo hukuruhusu kuacha ubao katikati ukachukua sarafu zako. Hilo sisi tuliliita kubaki. Kufunua kigae kingine tuliita kwenda. Basi anauliza, "Nibaki?" nami namjibu, "Nenda," au, "Baki hapo, usiwe na tamaa," naye anafuata. Nikidhani namsaidia.

Eda ikakaribia kwisha. Mama mdogo akapiga simu kutoka Vanga, akasema chumba kimepigwa chokaa. Hakusema njoo. Alisema tu kimepigwa chokaa. Dada akamjibu inshallah, akaweka simu chini, akafungua kimashine.

Siku hiyo tulikuwa daraja ambalo hatujawahi kulifikia. Ubao ulikuwa umeshasafishwa ila vigae vichache vya juu, na mstari wa chini, wenye vigae vitatu vilivyofunikwa. Jumla iliyobaki katika mstari huo ni nne, bomu ni moja. Nikatoa mbegu. Nilizipanga, nikazipangua, nikalinganisha na namba za juu. Njia zilizowezekana zilikuwa tano. Katika mbili bomu lilikuwa katikati, katika mbili lilikuwa kulia, na katika moja tu lilikuwa kushoto.

Wifi alikuwa uani anaosha mchele, twamsikia maji yake. Dada alikuwa ameshika ile kalamu ndogo ya kugusia kioo, lakini hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama mlango wa uani.

"Nibaki au niende?" akaniuliza.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mbegu.

"Nenda," nikasema.

"Kweli?"

"Hatari ni moja katika tano. Si yakini, lakini ni dhana ya nguvu. Mtu akibaki hapa, ni woga tu."

Aligeuza macho kiooni. Kisha akagusa kigae cha kushoto. Ikatoka tatu. Kwa tatu hiyo vya juu vikawa yakini, akavimaliza; vilivyobaki chini vilikuwa moja na bomu, havikuwa na kazi tena, na kimashine kikaanza kupiga muziki wake wa ushindi. Wifi akaja mbio, mikono inatiririka maji.

"Mmepata? Mmepata kweli? Haya, mbegu zimezaa!"

Nilikuwa nacheka. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Dada alikifunga kimashine taratibu, akakiweka juu ya mkeka.

"Basi nitakwenda," alisema.

"Wapi tena?" wifi akauliza.

"Vanga. Si mdogo wangu ameshanambia, nenda."

Akatabasamu. Tabasamu hilo nimelirudia mpaka limechakaa, siwezi tena kusema lilikuwa la mzaha au la mtu aliyepata alichokitazamia. Wifi alisimama, maji yakimdondoka kwenye vidole. Nilimngojea aseme neno, maana hajawahi kukosa.

"We mwanamke," hatimaye akanambia, "wifi yangu umemfukuza kwa mbegu za ukwaju?"

Nikadhani ni utani wake. Nilipoinua uso nikaona machozi. Akageuka, akarudi uani, na safari hii hakusingizia wali.

Nilimfuata baadaye. Ndipo aliponambia kwamba alishazungumza na kaka zake zamani, na wamekubaliana vile vyumba viwili ni vya dada maisha yake, aolewe asiolewe. Alikuwa akingoja eda iishe ndipo amwambie, kwa sababu si uungwana kumzungumzia mjane mambo ya nyumba naye bado yuko edani.

"Na mimi nilikuwa nangoja hivyohivyo," nikasema.

"Basi tumengoja vizuri," akasema.

Namba zote za mama huyu zilikuwa wazi pembeni: kimashine alikileta yeye, kicheko cha dada alikileta yeye. Nami nilikuwa nimejumlisha nikapata bomu.

Nilimwendea dada. Alikuwa anakunja kanga.

"Dada, mimi nilikuwa nazungumza vigae."

"Najua."

"Basi usiende kwa ajili yangu."

"Siendi kwa ajili yako." Aliweka kanga moja juu ya nyingine, akazinyoosha kingo. "Mama mdogo hawezi hata kuteka maji sasa. Nani atakaa naye?"

Nikamwambia aliyoyasema wifi kuhusu vyumba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Mungu amlipe heri, kisha akaendelea kukunja. Hapo ndipo ningeweza kusema, nami nitakukosa. Maneno yenyewe ni machache. Nilimsaidia kukunja.

Eda ilipokwisha akavuka feri, nasi tukampeleka mpaka Likoni kwenye gari la Vanga. Kimashine alikiacha kwa wifi.

Sitaki kujibebesha zaidi ya haki yangu. Inawezekana alikuwa ameshaamua tangu ile simu ya chokaa, na neno langu akalifanyia mzaha wa kuagana. Inawezekana aliuliza kigae tu, hana jingine. Lakini pia inawezekana aliuliza mambo mawili kwa pumzi moja, akingoja mtu ainue macho kutoka kwenye mbegu. Hili la tatu silipati kulipanga mkekani, maana hapana aliyeniandikia namba pembeni. Niseme la haki zaidi: hata kama lingekuwa moja katika tano, lilistahili kuinuliwa macho.

Siku hizi Ijumaa napita Magogoni. Mimi na wifi tumekuwa watu wa kutembeleana, jambo ambalo dada angelicheka. Twala, twateta, kisha twampigia simu, tukiiweka spika tusikie wote. Simu ya Vanga ina visa vyake, mara yashika mtandao wa Tanzania, maana ni mpakani, lakini Ijumaa iliyopita ilikuwa safi kabisa, mpaka kuku wa mama mdogo tuliwasikia.

Walisalimiana, wakaulizana hali, goti la mama mdogo, bei ya samaki. Kisha wifi, bila kunitazama, akasema:

"Wifi, rudi bwana. Nyumba imekuwa pana. Njoo na huyo mama mdogo, tutambeba."

Upande wa pili tukasikia kuku. Kuku tu.

"Na mdogo wangu yeye yuwasemaje?" dada akauliza.

Wifi akanisukumia simu kifuani. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa mdomoni kabisa. Halafu nikamwona mama mdogo kwa mawazo, ameketi pale kando yake kwenye kibao, yuasikia kila kitu, mzee wa miaka yake kuhamishwa kama gunia kutoka nyumba alimozaliwa. Nikajiuliza ni haki kusema mbele yake? Au ni ile adabu yangu tena?

"Mvua imeshuka huko?" nikauliza.

"Imeshuka," dada akasema. "Imeshuka vizuri, alhamdulillahi."

Wifi akatikisa kichwa, akaichukua simu mkononi mwangu, akaendelea kuzungumza naye.