Paja la Maksai Lililokwenda Baray

"Mama, mwambie mjukuu wako anyamaze! Mwaka mmoja tu chuoni, anataka kunifundisha mambo ya ng'ombe?"

Mwanangu huyo, kisu mkononi. Maksai wake alikuwa amekufa ghafla, damu nyeusi inamtoka puani. Binti yake, anayesomea udaktari wa mifugo Morogoro, alikuwa amesimama kati ya kisu na nyama.

"Bibi, hicho ni kimeta. Watu wakila nyama hii watakufa."

"Umekiona wapi?"

"Kitabuni tu, bibi."

Watu wakacheka. Mimi nikamwamini. Mtu anayedanganya hasimami mbele ya kisu vile. Na kwetu paja la kwanza ni la dada wa mwenye ng'ombe; lilikuwa limeshapelekwa kwa dada yake aliyeolewa Baray.

Wewe unayeshuka Baray, mwambie binti yangu asilipike. Alifukie. Akisema amenyimwa haki yake, anikasirikie mimi.