Kanzu Msumarini

Juzi pale mtaa wa Sharafiya niliona kanzu nyeupe imetundikwa peke yake mlangoni kwa dobi, nikaangaza macho kumtafuta baba, kama siku moja nilipokuwa mdogo. Sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Baba alikuwa ameleta uani kerezo kuukuu, ile mashine ya kuchongea chuma, imeliwa na kutu mpaka paka wetu aliikwepa. Kila alasiri aliisugua kwa mafuta ya taa, nyumba nzima ikanuka kibatari. Akanionya: "Usiisogelee na nguo pana. Ikishika mkono wa kanzu, inakumeza mzima, halas!" Nami nikaelewa hivyo hivyo: inameza, kama chatu.

Alasiri moja nikaisikia inanguruma kwa mara ya kwanza. Nikakimbilia uani. Mashine inazunguka, kanzu ya baba iko msumarini, tupu, na sakafuni kumetapakaa wekundu. Baba hayupo. Imemla, imebakisha nguo!

Nikaifokea mashine: "Mteme baba yangu! Mteme!"

Baba akainuka nyuma ya mashine, kavaa fulana na suruali. Alikuwa amechutama, katega sikio anasikiliza beringi zinavyozunguka ndani. Wekundu ule ulikuwa kutu na mafuta tu.

"We mtoto, una wazimu?" akasema, lakini alinikumbatia mpaka nikanuka kama yeye.

Sasa najua kuwa kuivua kanzu ile ndiko kulikomlinda. Hata hivyo, mashine ikinyamaza ghafla, mimi huita, "Baba!"

"Bado haijanila," hujibu. "Yalla, kasome."