Mikono Yetu Ina Unga

Epifania alianza kupiga chapa parokiani akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo ana tabia moja ambayo watu wa Katandala, mtaa wa mjini anakoishi, huicheka: huandika maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani. Ukienda kwenye duka lake la steshenari kuandikiwa barua, ukakohoa katikati, atakuuliza kama na kikohozi akiweke. Wanawake wa kikundi cha ulezi cha Kate, kijiji alikozaliwa, walimchagua kuwa katibu kwa sababu hiyohiyo, kisha wakaanza kulalamika kwamba mihtasari yake ni mirefu kama litania.

Kikundi hicho kina wanawake kumi na wanane. Wanalima ulezi, wanausaga na kuupakia, na kila pakiti ina anwani ya tovuti yao: uleziwakate.or.tz. Mama mmoja wa Mbeya aliifungua, akaagiza gunia zima. Duka la Dodoma likafuata. Mwaka huo dalali aliyezoea kuja na lori, bei yake ikiwa imeshapangwa, alikuta stoo tupu, akageuza lori lake bila hata kuaga. Jina hilo, herufi chache tu kwenye pakiti, ndilo lililowatoa mikononi mwake.

Jumatatu moja Epifania aliifungua tovuti asubuhi, akakuta ukurasa mweupe wenye sentensi moja: muda wa jina hili umekwisha.

Akampigia simu wakala wa Dar es Salaam aliyewasajilia jina hilo.

"Tulituma barua pepe za kukumbusha mara nne," alisema binti aliyepokea. "Zote kwa mmiliki."

"Mmiliki ni sisi."

"Hapa ninaye Loth Valerian. Wewe ni nani, mama?"

Epifania alikaa chini. Loth alikuwa mtoto wa Kate, aliyesomeshwa kwa michango ya kijiji. Miaka miwili iliyopita alirudi na mradi wa kuwafundisha kuuza kwa mtandao, na ndiye aliyejaza fomu ya jina, mbele yao, kwenye kompyuta yake. Akampigia.

"Shikamoo, mama," alisema Loth, sauti laini kama uji.

"Marahaba. Lihuishe lile jina leo, au nipe neno la siri nilihuishe mimi."

"Ah, msihangaike. Nitalihuisha mwenyewe. Nafungua kampuni ya unga, mama. Nitanunua ulezi wenu wote."

"Kampuni kwa jina letu?"

"Kisheria ni langu. Mwenyekiti wenu mwenyewe alisema niandike langu. Wewe si ulikuwepo?"

Alikuwepo. Hapo ndipo palipomchoma. Shikamoo kwanza, wizi baadaye! Shuleni tunafundishwa kumwogopa mwizi anayevunja mlango. Hakuna anayetufundisha kumwogopa huyu anayekaribishwa kwenye kigoda, akanyweshwa togwa, kisha akauliza kwa upole, "Hapa niandike nani?" Nyumbani kwa kina Epifania, mtu mzima akiulizwa kitu ni cha nani mbele ya mgeni, huona haya kusema "changu". Atasema, "Ni chako pia, karibu." Ni adabu nzuri, na Loth aliijua vizuri, maana alilelewa nayo. Akaichukua adabu ya mama zake akaifanya hati ya umiliki.

Kesho yake Epifania alikwenda Kate na daftari la mihtasari kwapani. Wenzake walikuwa stoo. Alipowaeleza, mwenyekiti wao, Mama Fortunata, mwanamke wa miaka sabini, alishika kichwa.

"Nilisema kwa heshima tu! Ningemwambia nini mtoto wa jirani? 'Usiandike lako'?"

"Daftari si unalo?" alidakia Adela, mtunza stoo. "Chana ukurasa huo, andika mwingine. Weka kwamba mmiliki ni kikundi. Nani atajua?"

"Mimi."

"Ee! Mwenzio anaiba kwa kalamu, wewe umeshikilia Amri Kumi!"

Wanawake walicheka. Epifania hakucheka. Hasira ilikuwa imemjaa: kwa Loth, kwa Mama Fortunata na heshima zake, na zaidi kwa nafsi yake iliyokaa pale ikaandika badala ya kufungua mdomo. Alilifungua daftari kwa nguvu, karibu alichane kweli, akasoma kwa sauti alichokiandika siku ile:

"Ndugu Loth akauliza: Hapa kwenye mmiliki niandike nani? Mwenyekiti akajibu: Andika wewe, mwanetu, andika hata lako, sisi mikono yetu ina unga. Watu wakacheka. Ndugu Loth akasema: Basi naliandika langu kwa niaba yenu."

Chini ya ukurasa kulikuwa na sahihi za waliohudhuria, na ya Loth ilikuwa ya tatu.

"Soma tena," alisema Adela.

Jioni ileile Epifania alituma nakala ya ukurasa huo kwa wakala, pamoja na cheti cha kikundi. Binti wa Dar es Salaam alizuia jina lisihuishwe na yeyote, akamtaka Loth ajieleze. Loth akapiga simu. Safari hii shikamoo ilisahaulika.

"Unanishtaki Dar kwa utani wa unga?"

"Utani ulikuwa wa mwenyekiti. 'Kwa niaba yenu' ilikuwa yako."

Akakata. Siku ya tisa alituma barua pepe ya mstari mmoja: ameliachia. Hakuomba radhi, na mpaka leo hajaomba.

Mama Fortunata alishuka mjini, dukani kwa Epifania, kushuhudia fomu mpya ikijazwa. Epifania alifika kwenye mstari wa mmiliki, akasimama.

"Weka lako tu, mwanangu," alisema mama yule. "Wewe ndiye uliyehangaika."

Epifania alipiga meza mpaka kikombe cha kalamu kikaanguka.

"Mama, nakuheshimu. Lakini kwenye mstari huu adabu haiingii. Jina ni la nani?"

Neno lilikuwa zito kwa Mama Fortunata kuliko gunia.

"Letu," alinong'ona.

"Sikusikia."

"Letu!" alifoka, mpaka wapita njia wakageuka. "Letu, nasema! Ni letu!"

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Epifania hakuandika neno kama lilivyotoka kinywani. Aliandika jina la kikundi kwa kirefu, herufi kwa herufi, na namba ya cheti chake, kisha akabonyeza kitufe cha kutuma.